Kituo chetu cha kebo Tabora kimeuzwa sawa, ila watu wa mji walitakiwa waulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niongelee hii ishu ya kuuzwa kwa kile kituo kidogo cha televisheni cha hapa Tabora mjini, kile ambacho wengi tulikuwa tunakiita tu kebo ya mtaani. Jina la kituo sitalitaja wala la kampuni iliyonunua, mzee aliyeuza tunasali naye msikiti mmoja na sina ugomvi nae, na wahusika wakisoma watajijua. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu ana haki ya kuuza mali yake, auze madishi, auze waya, auze mpaka viti, hakuna wa kumzuia, lakini leseni ya utangazaji ilitolewa ili watu wa hapa wahudumiwe, kwahiyo kabla haijaenda kwa mwingine tulitakiwa tuulizwe, na ikienda iende na masharti kwamba habari za Tabora zitaendelea na picha za Tabora hazitatupwa.

Mimi ni fundi, kazi yangu ni madishi, ving'amuzi na waya, na wakati kituo kinaanza nilikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wanavuta waya mitaani. Naandika kitu ninachokijua.

Vijana wa leo wanaweza wasielewe kwanini mji mzima ulijali kituo cha namna ile. Tanzania bara hatukuwa na televisheni kabisa mpaka mwaka 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973 tena ya rangi, sisi huku tunasikia redio tu. Sheria ya utangazaji ikapitishwa 1993, mwaka uliofuata ndo zikaja CTN, DTV na ITV ya marehemu Reginald Mengi, ya serikali yenyewe ikaja baadae ndo hii leo tunaiita TBC1. Lakini hizo zilianzia Dar, mikoani zilichukua muda kufika na huku kwetu ukitaka kuona kitu unafunga dishi la futi nane uani, na dishi la futi nane sio la kila mtu. Wenye nalo walikuwa wenye maduka, wanunuzi wa tumbaku na baadhi ya maofisa. Ndo hapo yule mzee akaona biashara, akanunua madishi yeye, akaanza kugawia mtaa kwa waya.

Kebo inafanya kazi hivi. Nje unakuwa na madishi yametazama setilaiti tofauti, ndani kuna risiva moja kwa kila chaneli, kila risiva inaingia kwenye kimashine kinaitwa modyuleta kinachoipa chaneli namba yake, zote zinachanganywa zinatoka kwenye waya mmoja mnene, ndo safari ya mtaani inaanza. Sasa waya una tabia ya kupoteza nguvu kadri unavyoenda mbali, kwahiyo kila baada ya nyumba kadhaa lazima uweke amplifaya isukume mawimbi, na amplifaya inataka umeme, unaongea na mwenye nyumba anakupa umeme wa kile kiboksi na wewe unampa kebo bure maisha. Nguzo za umeme huruhusiwi kugusa na kusimamisha za kwako ni hela nyingi, kwahiyo waya wa Kanyenye kuja Isevya tuliupitisha kwenye miembe, mwembe hadi mwembe, msimu wa maembe watoto wakipanda kuangua wanavuta na waya wetu humo humo. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja na radi za huku mnazijua, asubuhi unaamka mtaa mzima hauna picha, unapanda na ngazi unakuta amplifaya imeungua nyeusi. Mzee alikuwa anazinunua upya bila kupandisha ada. Kuna wateja walikuwa wanalipa kwa asali, kuna wanaolipa kwa mchele, na wengine walikuwa hawalipi na hawakukatiwa kwasababu kuna mgonjwa ndani.

Chaneli ya kituo yenyewe ilianza kwasababu modyuleta moja ilibaki haina kazi. Yani risiva yake ilikufa, modyuleta ipo, namba ipo tupu, kijana mmoja aliyekuwa anarekodi harusi akasema tuunganishe deki tuweke kanda ya maulidi niliyorekodi juzi. Jioni ile watu walitoka majumbani wanaitana, wamewaona kina shehe wao, wamewaona watoto wao wamekaa kwenye mkeka, mama fulani amejiona anagawa pilau! Kesho yake watu wakaja ofisini kuomba irudiwe. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia ile namba imerudishiwa chaneli ya muvi za Kihindi, na ilikuwa inapendwa sana kabla ya hapo.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani wamegundisha trei za mayai kupunguza mwangwi, nyuma pazia la bluu, meza ya plastiki imefunikwa kitenge, feni ipo lakini ikiwashwa inasikika kwenye maiki kwahiyo wakati wa kurekodi inazimwa, mtangazaji anasoma habari jasho linamtoka na kila akimaliza stori moja kamera inahamia kwenye picha ili yeye apate kujifuta. Matangazo ya vifo yalikuwa yanasomwa saa mbili kasoro usiku kabla ya taarifa ya habari ya vituo vikubwa. Msomaji alikuwa dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, na huyu dada nataka nimsifu hapa gazetini, kabla ya kusoma alikuwa anawapigia ndugu wa marehemu kwa simu yake mwenyewe anauliza kijiji kinatamkwaje, mazishi ni kabla au baada ya adhuhuri, gari la kwenda shamba linaondokea wapi. Tangazo lilikuwa elfu mbili. Mtu wa Sikonge amefiwa na shangazi yake mjini anapata taarifa usiku huo huo maana kuna jirani ameona kwenye kebo akampigia, asubuhi yupo msibani. Chombo gani kingine kimewahi kufanya hivo hapa?

Na habari zao zilikuwa habari kweli. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa Tabora tulikuwa tunategemea bwawa la Igombe, kiangazi maji yanatoka kwa mgao au hayatoki kabisa, wale vijana walikuwa wanaenda kusimama kwenye foleni ya ndoo saa kumi usiku na kamera, wanauliza kina mama wamefika saa ngapi, jioni inaonyeshwa, na kesho yake mhusika wa maji lazima aje ajibu kwasababu mkewe nyumbani ameona. Kikao cha madiwani walikuwa wanarusha chote, hawakati, kinachosha kweli lakini diwani wako unamsikia alichosema na alichonyamazia. Msimu wa masoko ya tumbaku walienda Urambo wakamkalisha mkulima mbele ya kamera na karatasi yake ya makato, akasoma mwenyewe mstari kwa mstari, mbolea kiasi gani, nyuzi za kufungia kiasi gani, deni la chama kiasi gani, kilichobaki kiasi gani, hakuna muziki hakuna mtangazaji anaingilia. Chaneli ya Dar ingempa yule mkulima sekunde ishirini, siilaumu, ina nchi nzima ya kuhudumia na taarifa ya habari ni moja.

Sasa kwanini kikauzwa. Watu wengi mtaani wanasema mzee ametusaliti, mimi nakataa. Ukielewa hii biashara ilivyobadilika unaona alishikilia muda mrefu kuliko alivyoweza.

Cha kwanza ni dijitali. Dar walizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa zamu. Picha ikawa safi, chaneli zikawa nyingi, hilo nakubali. Lakini zamani ukiwa na leseni na ukapata hela ya mnara na mtambo unarusha mwenyewe, dijitali ikatenganisha mambo, kituo kinatengeneza vipindi, kurusha ni kazi ya kampuni zenye leseni ya kusambaza, zilipewa tatu, Star Media, Agape na Basic Transmission, na wewe mwenye kituo unalipia nafasi. Yule mzee alikuwa na ndoto ya kutoka kwenye waya akafika mpaka Nzega na Igunga, akaenda kuuliza bei, akarudi kimya. Kituo cha mkoa mmoja matangazo yake ni duka la vifaa vya ujenzi, mnada wa ng'ombe, shule binafsi inatafuta wanafunzi, huwezi kulipia nafasi ya kusambaza kwa hela hiyo. Matangazo makubwa, ya simu na bia na benki, yanapangwa Dar na wapangaji wanataka kituo cha nchi nzima.

Cha pili ni mpira. Azam TV ilipoingia mwisho wa 2013 ikiwa na haki za ligi kuu, nyumba nyingi huku ziliweka dishi dogo na kebo ikawa ya nini. Mwaka 2021 wakasaini na TFF, shirikisho la mpira, mkataba wa miaka kumi wa bilioni 225.6. Ni hela ya halali, klabu zimefaidika, siwasemi vibaya. Ila Kitayosce ilipopanda ligi kuu 2023 ikawa Tabora United, mechi zinachezwa hapo Ali Hassan Mwinyi mita chache kutoka kwa watu, kituo cha hapa hakiruhusiwi kuonyesha hata kona, na kweli ukirusha mpira wa mwenzio bila kibali unakamatwa na inatakiwa ukamatwe. Wakawa wanaonyesha mazoezi na kuhoji wachezaji wakitoka uwanjani, watu wakawa wanaangalia kwa upendo tu.

Halafu simu. Mwenye bando hahitaji waya wa kwenye mwembe. Kituo kikafungua na ukurasa YouTube lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikataka leseni nyingine, ada ilikuwa milioni moja kwa mwaka kabla haijapunguzwa 2022, na kwa kituo chenye wafanyakazi wanaolipwa nusu nusu, hiyo milioni moja ni mishahara. Mwaka huo huo wa 2018 mwezi wa nane kuna ile amri ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwamba ving'amuzi vya kulipia vya Azam, DStv na Zuku viondoe chaneli za bure za ndani kwasababu leseni zao zilikuwa haziruhusu, mnakumbuka watu walivyolalamika, mtu ana dishi haoni ITV. Kwa kebo yetu ile ilikuwa nafuu kidogo, wateja wengine walirudi, lakini haikudumu.

Mzee amechoka, madeni yapo, watoto wake wako Dar na hakuna anayetaka kurudi kupanda ngazi. Akaja mnunuzi. Mnunuzi alitaka wateja waliobaki, leseni, na ile njia ya waya ambayo anaweza kubadilisha akapitisha intaneti ya majumbani. Hiyo mimi kama fundi naielewa na naiona ni akili nzuri ya biashara. Wafanyakazi waliambiwa Ijumaa, Jumatatu kibao cha mlangoni kimebadilika, na ndani ya mwezi taarifa ya habari ya Tabora ikaondolewa, vifo vikaondolewa, madiwani wakaondolewa, ikawekwa miziki na vipindi vya kubeti kutoka Dar mchana kutwa. Yule dada mwalimu alipewa asante ya mdomo.

Walinifuata mimi kuja kufungua madishi ya zamani na kuyashusha, kwahiyo nilikuwepo siku ya kuhamisha vitu. Nimekuta kanda za VHS zimejazwa kwenye viroba vya mbolea, hadidiski ziko kwenye boksi la mafuta ya kula, pembeni zimeandikwa kwa maka peni, MADIWANI, MAULIDI, SIKU YA MAJI IGOMBE, MAHAFALI, nyingine zimeandikwa jina la marehemu tu na mwaka. Nikamuuliza aliyetumwa kusimamia vinaenda wapi, akanionyesha karatasi ya orodha ya mali zilizonunuliwa. Madishi yapo, amplifaya zipo mpaka mbovu, meza ya plastiki ipo, feni ipo. Kanda hazimo. Akasema hizi hazina thamani kwenye hesabu, mkizitaka chukueni la sivyo zitatupwa. Mhariri, kile kiroba kimoja kina miaka ya mji mzima ndani yake, kina watu wazima waliokuwa wanajua habari za Unyanyembe, himaya ya zamani ya hapa, na sasa hivi hawapo, wakihojiwa kwa sauti zao wenyewe, na mtu aliyefanya tathmini ameona feni ina thamani kuliko hiyo.

Na hii haijaanzia kwetu. Nimekuwa nasoma kuhusu vituo vidogo vya nchi nyingine vilivyouzwa ili nione wenzetu walifanyaje. Marekani kuna Ted Turner, alirithi kwa baba yake biashara ya mabango ya matangazo, mwaka 1970 akanunua kituo kidogo kabisa pale Atlanta, chaneli 17, kilikuwa kinakula hasara na mawimbi yake dhaifu. Alikuwa anaonyesha muvi za zamani, mieleka, na besiboli ya timu ya mji, Atlanta Braves, mpaka akainunua na timu yenyewe 1976. Desemba ya mwaka huo akakipandisha kituo kwenye setilaiti, kebo za nchi nzima zikawa zinakichukua, kebo kama hizi zetu za waya, ndo zilizomfanya. Kutoka hapo akaanzisha CNN tarehe 1 Juni 1980. Mwaka 1996 kampuni yote ikaingia kwa Time Warner, kampuni kubwa ya habari na burudani, baadae wakaungana na AOL, kampuni ya intaneti, na mwenyewe akajikuta hana tena sauti ya kuendesha alichokijenga. Lakini angalieni kile kituo cha kwanza cha mjini kilikoishia: mwaka 2007 wakakitenga na chaneli ya taifa wakakipa jina jingine, Peachtree TV, 2017 kikauzwa kwa kampuni ya Meredith, 2021 kikaenda kwa nyingine, Gray. Kutoka mkono hadi mkono, na waliokipa umaarufu kwa kuangalia besiboli yao ni wale wale watu wa Atlanta.

Uingereza nako kulikuwa na Border Television, kituo cha Carlisle mpakani na Scotland, kilianza 1961, kidogo kuliko karibu vyote vya mtandao wa ITV wa kule (sio ITV yetu). Kikanunuliwa na Capital Radio mwaka 2000, mwaka uliofuata kikaenda kwa Granada, kampuni kubwa ya mtandao huo huo wa ITV, 2004 Granada na mwenzake Carlton wakaungana wakawa kampuni moja. Ikafika 2009 taarifa ya habari ya Border ikaunganishwa na ya kituo jirani cha Tyne Tees, ikawa inasomwa kutoka Gateshead upande wa pili wa nchi. Watu wa kule wakapiga kelele, wabunge wao wakapiga kelele, mamlaka ya mawasiliano ikasikia, na 2013 habari zao zikarudishwa kamili. Kampuni kubwa haikufa kwa kurudisha habari za wafugaji wa mpakani! Hapo ndo mimi nimepata nguvu ya kuandika barua hii, kumbe jambo likishauzwa bado linarekebishika kama mwenye kutoa leseni akiamua.

Na kwetu mwenye kutoa leseni yupo. TCRA inagawa leseni za maudhui kwa ukubwa wa eneo, kuna ya taifa, ya mkoa, ya wilaya, na leseni haihamishwi bila idhini yao. Kuna na Tume ya Ushindani, FCC, kampuni zikiungana au moja kununua nyingine na thamani yao kwa pamoja ikizidi bilioni 3.5 lazima waiarifu kwanza, nao wanaangalia kama ushindani sokoni utaumia. Hao wote ni vyombo vizuri. Lakini katika hao nani kazi yake ni kuuliza kama mtu wa Ng'ambo au Cheyo atapata wapi tangazo la msiba baada ya dili kufungwa? Tukisema maudhui ya ndani kila mtu anaelewa ya Tanzania, na bongo fleva ya Dar ni ya ndani, kwahiyo mnunuzi ametimiza. Kama leseni ni ya wilaya au mkoa basi maudhui ya ndani yahesabiwe kwa wilaya au mkoa, ndo maana ya kuigawa hivyo, vinginevyo wangetoa za taifa tu yaishe.

Naomba TCRA wakati wa kuidhinisha uhamisho wa leseni ya kituo kidogo waje mjini wakae siku moja, ukumbi wa manispaa upo, wawaulize watu. Mnunuzi aandikiwe kwenye masharti angalau taarifa moja ya habari ya mji kila siku, kikao cha madiwani, na matangazo ya jamii kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliyefiwa anaiweza. Hiyo sio gharama ya kumuua mtu, nimeiona ikifanyika kwa kamera moja na trei za mayai. Na ajiri yule anayejua mji, maana mtangazaji wa Dar akisoma majina ya vijiji vya Uyui na Kaliua unaona kabisa anahangaika, na mtu kwenye msiba wake hataki jina la kwao likoseweshwe.

Kuhusu kanda, sheria au kanuni iseme wazi kwamba kumbukumbu za kituo ni sehemu ya orodha ya mali, na kabla ya kuuza nakala ipelekwe maktaba ya mkoa. Maktaba tunayo hapa Tabora. VHS haidumu, mkanda unaota ukungu, unagandana, ukiuweka kwenye deki chafu unakatika, na deki zenyewe nzima zimebaki za kuhesabu hapa mjini, mimi najua nani anazo. Kila masika inayopita kwenye stoo yenye unyevu ni hasara nyingine. Kuhamishia kwenye kompyuta inataka deki, kadi ya kunasa picha na mtu mwenye subira maana kanda ya masaa matatu inachukua masaa matatu, hakuna njia ya mkato. Mimi nipo tayari kufanya kazi hiyo bure jioni na Jumapili, na kuna vijana wawili wa chuo wameshasema watanisaidia. Tunachokosa ni mahali penye umeme wa uhakika na mlango unaofungwa, na barua ya mnunuzi kukiri kwamba ametuachia ili kesho asije mtu kudai tumeiba.

Kuna watakaosema fundi huyu anataka turudi enzi za waya. Hapana. Wapitishe intaneti, wabadilishe waya wote, watupe spidi, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulipia na nitawasaidia kufunga. Ila mnunuzi alipokuja kuhesabu wateja alihesabu watu waliobaki kwenye kebo wakati kila jirani ameshaweka dishi, na walibaki kwasababu ya yule dada wa vifo na kwasababu ya madiwani, walikuwa hawabaki kwasababu ya miziki, miziki ipo kwenye simu. Akiwatolea kile kilichowabakiza wataondoka, na tayari wameanza, mtaani kwetu nimeshaombwa kukata waya nyumba kadhaa. Kwahiyo hata kwa hesabu za biashara peke yake namuona anajiumiza, na kama anasoma gazeti hili namuomba akae na wale wafanyakazi wa zamani awasikilize kabla ya mwaka kuisha.

Nimeshampelekea diwani wa kata yangu barua yenye maombi haya na nakala nimeituma ofisi ya kanda ya TCRA. Wasomaji wengine wa Tabora nao waandike, wataje kipindi gani wanataka kirudi na saa ngapi, na kama nyumbani una kanda yoyote uliyowahi kununua kwao ya harusi au maulidi au mahafali usiitupe, iweke sehemu kavu, isimame wima isilale, na ulizia mafundi wa madishi pale soko kuu watakuelekeza kwangu.

Fundi wa madishi na waya,
Isevya, Tabora